Zakayo Alipanda Mti Wetu: Stori ya Mkuyu, Nyigu na Mto Tana

Kila Mkenya anamjua Zakayo. Yule mtoza ushuru mfupi wa Yeriko aliyepanda mti ili amwone Yesu akipita. Tangu 2023 hilo jina limepata mwenyewe mpya hapa kwetu, maana wananchi wamembandika Rais Ruto kwa sababu ya kodi, na Juni 2024 lilisikika barabarani kutoka Nairobi hadi Mombasa. Sawa. Lakini kwenye hiyo stori kuna mhusika mmoja ambaye hakuna mtu humuulizia: mti wenyewe.

Ule mti ni mkuyu. Biblia inautaja kwa jina. Na ni mkuyu uleule unaosimama kando ya Mto Tana hapa kwetu, ule ambao wanasayansi wanauita Ficus sycomorus. Asili yake ni Afrika, huku kwetu kusini mwa Sahara. Kwa hiyo Zakayo, bila kujua, alikuwa amekaa juu ya mti wa kwetu.

Tofauti ipo moja tu, lakini ni kubwa. Mkuyu wa Yeriko hauna mbegu. Unatoa matunda, ndiyo, ila ndani hakuna mbegu hata moja inayoweza kuota. Wa Tana unazo, maelfu kwa maelfu. Na kinachotenganisha hiyo miti miwili ni mdudu mwenye urefu wa milimita mbili hivi, mdogo kuliko herufi unayosoma sasa hivi kwenye simu yako.

Leo nataka kusimulia historia ya huyo mdudu. Naona historia ya Tana River tunayopewa ni ileile kila mwaka: mapigano, mafuriko, chakula cha msaada, basi. Mtu wa Nairobi akisikia Garsen anawaza barabara ya kwenda Lamu na vizuizi vya polisi. Lakini huu mto una stori ya zamani kuliko serikali zote zilizowahi kuutawala, na ukiielewa utaona mambo yetu ya leo kwa jicho lingine.

Kwanza, kinundu ni nini?

Kuna nyigu duniani ambao hawajengi mzinga, hawana malkia, na hawana haja ya kukuuma. Wanachofanya ni kutaga yai ndani ya mti. Mti ukihisi yai na buu wake, unavimba pale pale, unatengeneza kinundu. Buu anakaa ndani ya hicho kinundu, anakila, anakua, halafu anatoboa na kutoka. Yaani mti unamjengea mpangaji nyumba na kumpikia, bila kodi.

Maarufu zaidi ni nyigu wa mwaloni, kule Ulaya na Asia Magharibi. Vinundu vyao vilisagwa, vikachanganywa na chumvi ya chuma na gundi ya mti, vikatoa wino mweusi ambao Ulaya iliandikia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Leonardo da Vinci aliutumia. Katiba ya Marekani ya 1787 iliandikwa kwa wino huo. Kwa hiyo mtu akikwambia wadudu wadogo hawana nafasi kwenye historia, mwambie sehemu kubwa ya historia yenyewe iliandikwa kwa nyumba zao.

Sisi hapa Tana hatuna mwaloni. Tuna mkuyu, na mkuyu una nyigu wake. Si wa ukoo mmoja na wale wa mwaloni, ni kama binamu wa mbali, lakini kazi ni ileile: kutaga yai, kuvimbisha kinundu, kulea mtoto ndani ya mti. Ila huyu wa kwetu anafanya kitu ambacho wa mwaloni hafanyi. Huyu analipa kodi.

Ndani ya kuyu

Ukikulia karibu na mto, hili unalijua kwa mkono. Unaokota kuyu lililoiva, unalipasua, unakuta vidudu vyeusi vinatambaa. Unapuliza, unakung'uta, unakula. Wakubwa wanakwambia ni nyama ya bure. Hakuna anayekueleza hao wadudu wanafanya nini mle ndani.

Iko hivi. Kuyu, kabla halijaiva, si tunda. Ni fungu la maua yaliyojificha. Maua mamia yamegeuzwa ndani nje, yamefungiwa kwenye mfuko, na mfuko una mlango mmoja mdogo sana kwa mbele. Nyuki hapiti. Kipepeo hapiti. Anayepita ni nyigu jike mmoja, jina lake la kisayansi ni Ceratosolen arabicus, na hata yeye anapita kwa shida hadi mabawa yanakatika mlangoni. Akishaingia hatoki tena. Ametoa tiketi ya kwenda bila kurudi.

Mle ndani anafanya kazi mbili. Anataga mayai kwenye baadhi ya maua, na kila ua lililopata yai linavimba kuwa kinundu. Na anapaka chavua kwenye maua, chavua aliyoibeba kutoka kuyu alilozaliwa. Hapa ndipo pa kushangaza: hakuibeba kwa bahati, eti imemnata kwenye miguu. Ana mifuko maalum kifuani. Aliijaza kwa makusudi kabla hajatoka kwao, na sasa anaitoa kidogo kidogo kwa miguu yake na kuipaka. Halafu anafia humo humo.

Wiki kadhaa baadaye madume wanatoka kwanza kwenye vinundu vyao. Hawana mabawa, na maisha yao yote ni ndani ya hilo kuyu. Wanatoboa vinundu vya majike, wanapanda majike wakiwa bado ndani, kisha wanachimba njia ya kutokea nje. Njia si yao. Wao wanakufa. Majike wanajaza mifuko yao chavua, wanapita kwenye tundu lililochimbwa na kaka zao, wanaruka. Wana siku moja, pengine mbili, za kupata mkuyu mwingine wenye kuyu changa. Wakikosa, basi.

Hesabu ya mkataba ni hiyo: maua mengine yanakuwa vitanda vya watoto wa nyigu, mengine yanakuwa mbegu za mti. Mti unatoa nyumba, nyigu analipa kwa chavua. Wakivunja mkataba wote wanaisha.

Na kama kila mkataba mzuri, kuna wajanja. Kwenye mkuyu huohuo kuna nyigu mwingine, Ceratosolen galili, anayefanana sana na yule wa kwanza. Hata mifuko anayo. Ila haitumii. Anaingia, anataga, watoto wake wanalelewa, chavua hapeleki. Na kuna wa tatu, Sycophaga sycomori, ambaye naye anavimbisha vinundu bila kulipa chochote. Mkumbuke huyo wa tatu, kwa sababu ndiye anayetupeleka Misri.

Mti uliohama bila mkunga wake

Zamani sana, kabla hata ya mafarao, mkuyu ulifika Misri. Wamisri waliupenda kupita kiasi. Kivuli, chakula, mbao. Majeneza mengi ya kale ya Misri yalitengenezwa kwa mbao za mkuyu. Mungu wao wa kike Hathor aliitwa Bibi wa Mkuyu. Makuyu makavu yamekutwa makaburini, yamewekwa ili marehemu asikae njaa.

Lakini mti ulifika peke yake. Yule nyigu mlipa kodi, Ceratosolen arabicus, kule hayupo. Aliyepo ni Sycophaga, yule wa tatu, mvimbishaji asiyepeleka chavua. Matokeo yake ni kuyu lililojaa vinundu na nyigu bila mbegu hata moja. Ukiliacha likomae lenyewe, unakula wadudu watupu.

Wamisri wakatafuta njia. Waligundua kwamba ukilichana kuyu changa kwa kisu, linavimba na kuiva haraka sana, kabla nyigu hawajamaliza kukua ndani. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyeandika juu ya mimea zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza kwamba makuyu ya Misri hukwaruzwa kwa kucha za chuma na kuiva siku ya nne. Hata kwenye Biblia nabii Amosi anajieleza kwamba hakuwa nabii wa kusomea. Alikuwa mfugaji na mtu wa kushughulikia makuyu. Wataalamu wengi wanaona kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kuchana makuyu, moja baada ya jingine, mti mzima.

Waza hiyo kazi kidogo. Kazi ambayo huku kwetu mdudu anaifanya bure, kule ilikuwa ajira ya binadamu. Na si kuchana tu. Kwa sababu hakuna mbegu, hakuna mkuyu unaojiotea wenyewe. Kila mkuyu wa Misri na wa Yeriko umepandwa na mtu kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini. Watu wakiacha kupanda kwa vizazi viwili vitatu, ile miti inabaki mizee tu, inakauka mmoja mmoja, na hakuna mtoto nyuma.

Hili ndilo linalonikaa kichwani kila nikipita chini ya mkuyu: mti unaweza kuwa umesimama, una majani, una matunda, una watu wanaukalia kivulini, na bado ukawa umeshafika mwisho. Ukiutazama kwa macho tu huwezi kujua.

Mwaka 1968

Mtu aliyetufumbulia haya yote anaitwa Jacob Galil, mtaalamu wa mimea kutoka Israel. Yeye alikulia kazi yake katikati ya mikuyu isiyo na mbegu. Akataka kujua mti huu unafanyaje kazi ukiwa nyumbani kwao. Kwa hiyo akaja Afrika Mashariki. Mwaka 1968, pamoja na mwenzake Dan Eisikowitch, walichapisha utafiti kuhusu uchavushaji wa mkuyu huku kwetu, na muda mfupi baadaye wakaeleza ile mifuko ya chavua na jinsi nyigu anavyoijaza na kuimwaga kwa makusudi. Mwaka huohuo wa 1968 Galil akaeleza pia ile mbinu ya kale ya kuchana makuyu. Yule galili, nyigu mjanja, amepewa jina kwa heshima yake. Sijui kama mimi ningefurahi.

Sasa shika huo mwaka, 1968. Kwa sababu ndio mwaka ambao bwawa la Kindaruma lilianza kazi juu ya Mto Tana.

Sidai kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Wakati mmoja mtu anagundua jinsi mti unavyopata mbegu. Wakati huohuo, mto uleule unaanza kufungwa. Na mbegu, kumbe, si mwisho wa stori.

Tana: mnyororo wenye pingu nne

Mto Tana unaanzia Aberdare na Mlima Kenya, unapita kwa watu ambao wenyewe wanahusisha jina lao, Gĩkũyũ, na mti huu huu, halafu unashuka kwenye nyika kavu kupitia Garissa, Hola, Garsen, hadi baharini Kipini. Ni karibu kilomita 1,000. Huku chini mvua ni kidogo. Msitu uliopo kando ya mto haunyweshwi na mawingu ya hapa, unanyweshwa na mvua zilizonyesha mbali kule juu. Ni utepe mwembamba wa kijani. Ukitoka mtoni, baada ya mwendo mfupi uko kwenye vichaka vya miiba.

Ndani ya huo utepe, kwenye vipande vya msitu kati ya Wenje na Garsen, wanaishi nyani wawili ambao hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Wote wawili walielezwa kisayansi na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1879. Wapokomo, bila shaka, walikuwa wanawajua karne nyingi kabla ya Berlin kuwajua. Na wote wawili wanategemea mkuyu. Mangabei anakula makuyu yakiiva, mbega anakula mapaka majani na makuyu mabichi.

Uzuri wa mikuyu ni kwamba haizai yote kwa wakati mmoja. Huu unaiva leo, ule mwezi ujao. Lazima iwe hivyo, la sivyo nyigu anayetoka leo hatakuta mlango wazi popote. Kwa hiyo kwa sababu ya mdudu anayeishi siku mbili, msitu mzima una chakula hata miezi ambayo miti mingine imefunga duka. Nyani anakula, popo anakula, hondohondo anakula, na wote wanakwenda kunya mbegu mbali.

Kwa hiyo mnyororo una pingu nne. Nyigu anatengeneza mbegu. Mnyama anaisafirisha. Mto unafurika na kuacha tope jipya. Mbegu inaota kwenye tope hilo, kwenye jua, na mizizi inafuata maji yaliyobaki ardhini. Ukikata pingu moja, zile tatu hazina kazi.

Unaweza kudhani pingu dhaifu ni nyigu, kwa kuwa ni mdogo. Hapana. Huyu mdudu ni mgumu, manze. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba kwenye jangwa la Namibia, kando ya mto Ugab, nyigu huyuhuyu wa mkuyu hupeperushwa na upepo hadi kilomita 160 na bado anafikisha chavua. Kilomita 160, ndani ya maisha ya siku mbili, mdudu wa milimita mbili. Nyigu wetu yupo na anafanya kazi yake. Mbegu zipo.

Pingu inayokatika Tana ni ya tatu. Maji.

Mafuriko madogo na mafuriko makubwa

Baada ya Kindaruma 1968, likaja Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa matano. Kubwa ni Masinga, ndilo tangi linalohifadhi maji ya mengine yote chini yake. Kwa miongo mingi hayo mabwawa ndiyo yaliyokuwa yanawasha taa za Kenya. Na maji ya mifereji mengi ya Nairobi yanatoka mito inayoingia Tana. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, liko kwenye mto Thika, na Thika unaingia Tana. Kwa hiyo kama unasoma hii ukiwa Umoja au Roysambu, umepiga mswaki leo asubuhi na Tana.

Sisemi mabwawa yangeachwa. Ninachosema ni kwamba hayakuwa ya bure, na bili ilitumwa huku chini.

Kabla ya mabwawa, mto ulikuwa na desturi. Karibu kila mwaka, mara mbili, Aprili na Mei halafu Novemba na Desemba, ulikuwa unatoka kidogo kwenye kingo zake, unakaa, unarudi. Wapokomo walijenga kilimo chao chote juu ya hiyo desturi: unapanda mpunga, mahindi na ndizi kwenye ardhi iliyolowa maji yakirudi. Waorma na Wardei walileta ng'ombe kwenye malisho ya delta wakati wa kiangazi kwa sababu hayo maji yaliacha majani. Na msitu ulizaa watoto kwa hayohayo maji. Mwaka 1990 Francine Hughes alichapisha utafiti wake juu ya msitu wa Tana, akaonyesha jinsi mpangilio wa miti unavyofuata mpangilio wa mafuriko: wapi maji yanafika, mara ngapi, na kwa muda gani.

Bwawa linafanya nini? Linakunywa yale mafuriko madogo. Yanaishia Masinga. Tope nalo linabaki Masinga. Lakini mvua kubwa kabisa ikija, bwawa linajaa, linafurika, na maji yote yanashuka kwa mpigo. Hivyo ndivyo tulivyoona El Niño ya 1997, iliyovunja hata kuta za mradi wa mpunga wa TARDA kwenye delta. Tukaona 2018. Tukaona 2023. Watu wanalala kwenye mahema kando ya barabara, nyumba zimezama, na miezi sita baadaye palepale hakuna maji ya kunywesha mbuzi.

Kwa hiyo mtu wa Garsen akisikia mwanamazingira anasema Tana inahitaji mafuriko, anakasirika, na ana haki. Tatizo ni kwamba tunatumia neno moja kwa vitu viwili. Kuna mafuriko yanayopanda na kuna mafuriko yanayozoa. Tumenyimwa ya kwanza tukaachiwa ya pili.

Nani alilaumiwa?

Hapa ndipo historia inapouma.

Katika miaka ya 1970 mtafiti Clive Marsh alikuja kuchunguza mbega mwekundu. Mwaka 1976 hifadhi ya taifa ya nyani wa Tana ikatangazwa. Hesabu ya 1985 ikaonyesha idadi ya mbega imeshuka sana. Dunia ikashtuka, na macho yakaenda kwa aliye karibu zaidi: mwanakijiji mwenye panga. Mpokomo anayekata mti wa mtumbwi. Mama anayekata makuti ya mkindu kusuka mkeka.

Ni kweli watu walikata. Mti ukikatwa umekatwa, siwatetei kwa hilo. Lakini angalia nani mwingine alikuwa anakata wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa unyunyiziaji wa Bura ulileta maelfu ya watu kwenye nyika, na kuni za kupikia zikatafutwa kwenye msitu wa mtoni. Ili kupunguza hilo wakaleta mti mgeni unaokua haraka. Unaujua. Mathenge. Leo mathenge umejaa kaunti nzima, unatoboa matairi, unafunga njia za ng'ombe, na hakuna mtu aliyefukuzwa kazi.

Mwaka 1996 ukaanza mradi mkubwa wa fedha za Benki ya Dunia wa kuokoa nyani, na ndani yake mlikuwa na mpango wa kuhamisha familia kutoka msituni. Uligawanya vijiji, ukaleta uhasama, na 2001 ukafungwa kabla ya kufika ulikotaka. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi yenyewe ilianzishwa bila kufuata utaratibu. Miaka 31 watu waliambiwa wao ndio wavunja sheria kwenye ardhi yao, kumbe karatasi yenyewe ilikuwa na kasoro.

Na 2012, mwaka ambao delta ya Tana iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu za dunia, ndio mwaka ambao zaidi ya watu 100 waliuawa hapa kwenye mapigano. Vyombo vya habari vikaandika Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, chuki za kale. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwemo. Lakini chini ya zote kulikuwa na swali la maji na malisho, na hilo swali lilizidi kuwa kali kila mwaka ambao mto haukutoka kingoni kama zamani. Vitabu vya historia vya shule vinataja Seven Forks kama fahari ya taifa kwenye ukurasa mmoja na mapigano ya Tana kwenye ukurasa mwingine. Hakuna mshale unaounganisha hizo kurasa mbili.

Taifa hili lilichukua sauti ya wimbo wake kutoka kwa Wapokomo, kwenye wimbo wa mama anayembembeleza mtoto. Likachukua na maji. Wimbo angalau tunaurudisha kila tukisimama kuuimba.

Tunataka kuwa Misri?

Misri walikosa nyigu, wakaamua kufanya kazi ya nyigu kwa mikono yao. Miaka elfu nyingi walichana na kupanda, na mkuyu ukaishi. Nawaheshimu kwa hilo. Inaonyesha watu wakitaka mti ubaki, unabaki, hata kama maumbile yamekataa.

Sisi tuna nyigu. Tuna mbegu. Tuna nyani wa kuzibeba. Tuliyopewa bure ni mengi kuliko ya Farao. Kinachokosekana ni kitu ambacho kipo, kimefungiwa nyuma ya ukuta wa zege, na ukuta una milango inayofunguliwa na binadamu walioajiriwa. Dunia inajua jinsi ya kuachilia maji ya bwawa kwa kipimo, kwa msimu, kwa kuwaonya watu walio chini kabla, ili mto ufurike kidogo kama zamani. Kule Senegal mabwawa ya mto Senegal yamewahi kuachiliwa hivyo kwa ajili ya wakulima wa bondeni. Si ndoto.

Mpango wa bwawa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls, umekuwa mezani kwa miaka mingi. Ukirudi, na utarudi, watatuambia megawati ngapi na ekari ngapi za umwagiliaji. Swali la kuuliza ni moja, na mtu yeyote anaweza kuliuliza bila digrii: maji ya Mei ya huku chini yatatoka wapi? Wakijibu kwa namba, tusikilize. Wakijibu kwa picha za rangi, tujue.

Na wewe ukipita Garsen ukielekea Lamu, teremka darajani. Tafuta mkuyu mkubwa, haufichiki, shina lake la manjano utaliona kwa mbali. Okota kuyu, lipasue. Ukiona vidudu vinatambaa usitupe kwa kinyaa. Hao ni majike waliochelewa kuondoka, wana mifuko imejaa, na wana saa chache. Kisha tazama chini, kwenye kingo, utafute miche. Mikuyu midogo, ya kufika gotini.

Hesabu uliyoiona. Hiyo namba ndiyo habari ya Tana, na hakuna gazeti litakalokuletea.